Ufunguo Uliokuwa Dukani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa benchi la nyuma mahakamani na kusikiliza watu wakisema uongo. Si wote, lakini walitosha. Kila Alhamisi jioni nilisoma redioni habari za mahakama za kisiwa chetu: nani kashtakiwa, nani kaachiwa, kesi gani imeahirishwa kwa kuwa shahidi kapata homa tena siku ileile ya kusikilizwa. Kipindi kilikuwa cha robo saa. Mtaani walinipa jina la Bi Kesi, na mimi sikulikataa, maana kwa kweli nilijiona mtu.

Kazi ile iliniharibu. Nimemwona mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, tasbihi mkononi, akiapa kwamba mnazi wa mpaka umesimama pale tangu enzi za babu yake, na kijiji kizima kinajua aliupanda mwenyewe mwaka uliopita. Nimeona ndugu wa tumbo moja wanaletewa maji ya kunywa kwenye jagi moja, kila mmoja anasubiri mwenzake anywe kwanza. Nikawa mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa furaha najiuliza anataka nini. Mume wangu alikuwa akinitania nyumbani kwetu Chukwani kwamba siku nikifa, nitawauliza waoshaji wangu wametumwa na nani.

Kesi zilizonikera kuliko zote ni za nyumba. Mtu kafa, hata arubaini yake haijafika, mjane kashaletewa barua ya mahakama na shemeji anayempikia uji. Nilizisoma kesi hizo redioni kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni nilichemka. Kwa hiyo baba yangu alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyemkalia kooni mpaka akaiandika nyumba yetu hiba, zawadi ya uhai wake, kwa mama, mbele ya mashahidi, kila kitu mahali pake. Nilitoka pale nimeridhika. Nilijua nimemfungia mama mlango wa shari.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, ndani ya uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Juu ya uchochoro kuna chumba kimepita kama daraja kutoka ukuta wetu hadi ukuta wa pili. Chini, pembeni mwa mlango wetu, pana duka la vyuma la mzee wa Kihindi tuliyemwita Ami tangu tulipokuwa tunatambaa. Aliuza misumari, bawaba, kufuli na kamba, na alivipima vitu vyake polepole sana, hata ukiwa na haraka ya mgonjwa.

Ami ndiye aliyekuwa posta yetu. Namba za nyumba za uchochoro ule hakuna azijuaye, kwa hiyo kila mwenye barua, risiti au kadi ya harusi huambiwa, "Acha dukani kwa Ami." Wanawake wa ghorofani hawashuki kwa kila jambo. Mama alikuwa na kikapu chake cha ukili kilichofungwa kamba, anakiteremsha kutoka dirishani, Ami anatia kilichopo, anaitikisa kamba, kikapu kinapanda. Samaki walipanda hivyo, na mkate, na barua zangu nilipokuwa nasoma bara.

Na ufunguo. Mlango wetu ulikuwa na funguo mbili, mmoja kwa mama na mmoja umetundikwa dukani nyuma ya mzani. Mimi mwenyewe sikuwahi kuwa na ufunguo wa kwetu. Nikija na mama hayupo, nasema, "Ami, shikamoo," naye kabla hajajibu mkono wake umeshafika nyuma ya mzani. Ilikuwa hivyo tangu niko chuo cha Kurani nasoma juzuu.

Baba akafariki. Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane wetu hukaa ndani: hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wasio maharimu zake, anasali na kumwombea mumewe. Mama alikaa eda kwa ukamilifu ambao mimi, mtoto wa siku hizi, uliniudhi kidogo. Hata simu ya mwanamume aliipokea kwa kunipa mimi niseme. Kutwa alikuwa chumbani kwake na Msahafu wake, na kikapu kikawa ndiyo njia yake pekee ya kutokea.

Siku ya maziko alikuja binamu yangu kutoka Jambiani, mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi mwenyewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Binamu ni mkulima wa mwani, mikono yake imechanjwa na kamba na chumvi. Alilia kwa dhati, halafu jioni akanivuta pembeni.

"Nnataka kuzungumza na mke wa mjomba."

"Si wakati wake," nikamwambia.

"Si maneno mengi."

"Dada, mama yumo edani. Ukija mtu na maneno siku ya maziko, sisi tunajua maneno gani."

Akanitazama, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Nikajisifu kwamba nimemnusa mapema.

Baada ya miezi miwili nilikuwa mahakama ya kadhi, benchi langu la nyuma, daftari langu gotini. Nilikuwa nangoja kesi moja ya talaka iliyokuwa inazungumzwa mji mzima. Karani akatoka mlangoni kuita kesi nyingine kwanza. Akaita mdai, akaja mwanamke. Akaita mdaiwa. Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu ndipo jina liliponiingia masikioni, na lilikuwa jina la mama yangu.

Nilitazama mbele. Mdai alikuwa binamu yangu, amesimama na baibui lake jipya, mikono ile ameificha ndani ya mikono ya nguo.

Karani akamwambia kadhi kwamba hii ni mara ya tatu mdaiwa ameitwa na hakutokea, na nyito zote tatu zimefikishwa. Dai lilikuwa la mirathi. Babu yetu alipokufa aliacha mtoto wa kiume na wa kike. Nyumba ilikuwa yao wawili, theluthi moja ya shangazi. Kilichotolewa hiba kwa mama, mdai anasema, hakikuwa chote cha kutolewa. Kulikuwa na karatasi yenye kidole gumba cha shangazi kwamba amemwachia kaka yake haki yake, lakini mdai anaikataa karatasi hiyo. Na kwa kuwa nyumba haigawiki, anaomba mahakama iamue iuzwe, kila mtu apewe chake.

Nikasimama. Katika miaka yangu yote ya kazi ile sijapata kusimama.

"Mheshimiwa, mama yangu hajui habari hii!"

Kadhi alinijua kwa sura, kama wote pale. Akavua miwani. "Bi, leo hapa wewe ni mwandishi au ni mtoto wa mdaiwa?"

"Mtoto wa mdaiwa. Hajapata barua hata moja. Tena yumo edani."

"Eda haimkatazi mtu kutoka mchana kwa haja kama hii," akasema kwa upole. "Nnaweza kuamua leo kwa kusikia upande mmoja. Sitafanya hivyo. Baada ya wiki mbili mlete, aape kwamba hakupata wito, na aseme alijualo kuhusu karatasi hii. Asipokuja, nitaamua."

Wiki mbili. Nikamfuata tarishi wa mahakama, kijana wa watu mwenye baiskeli, nikamwambia anioneshe daftari lake. Saini zilikuwepo tatu, tarehe tatu, zote za mkono mmoja. Maandishi yale nilikuwa nikiyaona kwenye stakabadhi za misumari tangu utotoni. Yalikuwa ya Ami.

Usiku ule sikulala, nilikuwa najenga kesi. Chumba kile cha juu ya uchochoro Ami alishawahi kumwomba baba akodishe aweke mali zake, baba akakataa. Nyumba ikiuzwa, nani aliye karibu kuliko jirani wa mlangoni? Na nani alijua kuwa mjane hashuki? Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilisahau kwamba mahakamani kesi iliyokaa vizuri mno ndiyo niliyokuwa naishuku.

Asubuhi nikashuka uchochoroni. Wanywa kahawa walikuwa wameshakaa kwenye baraza ya pili, vikombe mkononi.

"Ami, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Kuna barua tatu za mahakama umezitilia saini. Ziko wapi?"

Alikuwa anapanga bawaba kwa ukubwa. Mkono ukasimama.

"Barua," akasema.

"Saini yako nimeiona."

"Naam. Saini yangu."

"Ulimpa nani?"

Ami akainua macho akatazama juu, dirishani kwetu, kisha akayateremsha haraka. Niliona. Kazi yangu ilikuwa kuona mambo kama hayo. Shahidi anayetazama juu, nilijifunza, anatafuta uongo.

"Mimi mzee sasa, mwanangu," akasema. "Labda nilizisahau."

"Zote tatu?"

"Labda."

Hapo nikapandwa. Nilisema mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia joto masikioni. Nilimwambia chumba cha juu alikitaka tangu mimi mtoto. Nilimwambia amesubiri baba afe. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba tumemweka nguoni miaka hamsini. Sauti yangu ni ya redio, inafika mbali bila ya kuilazimisha. Wale wa kahawa waliacha kunywa.

Ami alisema jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Punguza sauti, mwanangu. Mama yako anasikia."

Nikamwambia aache kujikinga kwa mama yangu.

Siku ile duka lilifungwa kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halijapata kutokea ila kwa msiba. Alasiri nikiwa juu kwa mama, kamba ya kikapu ikatikisika. Mama akavuta. Ndani mlikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Alikifungua taratibu. Ulikuwa ufunguo wetu.

Mama aliushika muda mrefu. Nikamwambia, "Umeona? Mwenye kosa hujihukumu mwenyewe." Aliutundika kwenye msumari karibu na ngazi, akarudi kwenye Msahafu wake. Mimi nikauona ule ukimya wake kuwa ni huzuni ya mjane, basi.

Nilibakiwa na binamu. Nikaenda Jambiani kumtafuta, nikiwa na hakika kwamba yeye na Ami wamekula njama. Bahari ilikuwa imekupwa, wanawake wameinama mbali kwenye safu za vigingi. Aliponiona alijitwisha kiroba chake cha mwani akaja pwani, akakitua, akanipa mkono uliolowa.

"Karibu nyumbani, mdogo wangu. Hujala."

"Nshakula," nikasema, na sikuwa nimekula.

Akaniletea chai na muhogo wa nazi hata hivyo. Vikapoa mbele yangu. Nikamuuliza moja kwa moja kwa nini amengoja mama yuko edani ndipo afungue kesi. Nikamwambia kazi yangu ni mahakama, nawajua watu wa namna yake.

Hakukasirika. Hilo nalo nililishuku.

"Mama alinikataza," akasema. "Alijua amefanywa nini. Alijua alipokwenda mwaka mmoja kuangalia kuta zinavyobomoka, mjomba akamwambia, nyumba hii huna chako, uliniachia. Alirudi hapa akalala siku mbili. Lakini alinambia, usimsimamishe kaka yangu mahakamani akiwa hai. Nimengoja. Siku ya maziko nilitaka kumwambia mke wa mjomba mdomo kwa mdomo. Wewe ulinifukuza."

"Mama yako alitia kidole mwenyewe."

"Alitia. Alikuwa hajui kusoma. Aliambiwa karatasi ya kuezeka paa." Akakwangua chumvi kwenye kiganja chake. "Kamuulize mama yako. Alikuwapo. Kidole kilipojaa wino, yeye ndiye aliyempa mama kitambaa afute."

Niliondoka nikijiambia kwamba hicho kitambaa ni cha kutungwa. Waongo hodari hupenda kutia kitu kidogo kama hicho ili uwaamini. Nimesikia vitambaa vingi mahakamani. Lakini njia nzima ya kurudi mjini kilinikaa kichwani, na nilipofika Chukwani nilimgombeza mume wangu bila ya sababu.

Siku moja kabla ya kesi niliandikisha hati ya kiapo, maneno machache yaliyonyooka: mimi mdaiwa sikupata wito wowote. Nikaenda nayo kwa mama baada ya alasiri, na kalamu.

Alikuwa kwenye msala. Alimaliza nyiradi zake, akaisoma ile karatasi yote, kisha akainyoosha gotini kama anayenyoosha kanga.

"Sitii saini hii," akasema.

"Mama, nyumba itauzwa."

"Nnajua."

"Basi tia. Ni kweli tupu. Ami alizificha."

Mama akainuka. Akaenda kwenye kabati la Misahafu, akatoa mfuko wa kitambaa alimowekea juzuu za zamani, akaufungua. Akanitilia mkononi bahasha tatu. Mbili zilikuwa zimefunguliwa kwa uangalifu wake wa siku zote, kwa kisu. Ya tatu hata hajaifungua.

"Zote zilipanda kwa kikapu," akasema. "Moja baada ya moja. Hii ya tatu nilichelewa kuvuta, akagonga ukuta kwa nyundo nijue imekuja."

Nilikaa chini. Nilikuwa na maswali, na mimi ni mtu wa maswali, lakini nilikuwa naona ufunguo tu pale kwenye msumari.

"Nikienda nitaapishwa," mama akasema. "Wataniuliza karatasi. Ilikuwa mezani tangu asubuhi ile, nami najua kusoma, nikaisoma. Shangazi yako akaja akacheka, akasema, kaka, mimi na karatasi wapi na wapi. Baba yako akamshika kidole. Kikajaa wino, anatafuta pa kufutia. Nikampa kitambaa cha jikoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Alikuwa mume wangu." Akaufunga mfuko wa juzuu. "Na nyumba nilikuwa nnaitaka."

Sijui nilitegemea kusikia nini, lakini si hilo. Nilimkasirikia, na ninasema wazi kwamba nilimkasirikia baba zaidi. Katika maisha yangu niliwashuku watu wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alinifundisha kusoma kwa kunisomea gazeti, na mimi ndiye niliyemsukuma kuandika hiba ya kitu ambacho theluthi yake ilikuwa ya dada yake aliyekuwa akituletea dagaa na ndizi kila sikukuu. Nililia. Mama hakunizuia.

"Nimo kwenye eda yake," akasema. "Nnamwombea Mungu amsamehe, halafu nitoke nikamfedheheshe mbele ya watu? Na nikiapa kwamba hakufanya, nitakutana na nini huko mbele? Nikaona bora kadhi aamue bila mimi. Nyumba iende, mimi nikae kimya."

"Na Ami?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Nilikusikia. Nilisimama nyuma ya dirisha, mkono kinywani. Ningeweza kuita jina lako mara moja tu, ukanyamaza. Sikuita. Alinisitiri kwa heshima yake, nami nikamwacha."

Tulikaa mpaka magharibi ikaadhiniwa. Aliposimama kwenda kutia udhu akasema, kama anayeniambia nikanunue chumvi, "Kesho tutakwenda."

Alishuka ngazi asubuhi saa tatu, kwa mara ya kwanza tangu jeneza lilipotoka. Nguo yake haikuwa na pambo wala harufu. Ami alikuwa ndiyo kwanza anafungua mbao za duka. Alipomwona akasimama wima, akainamisha macho.

"Nisamehe, jirani," mama akasema.

"Nenda salama, Bi mkubwa," akajibu Ami, macho bado chini. "Jua litakuwa kali, msichelewe."

Nilipita kama mtu asiyekuwapo.

Mahakamani mama aliapishwa, akasema yote. Alisema alipata nyito tatu. Alisema karatasi ilikuwaje, na kitambaa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma na daftari limefungwa. Binamu yangu, aliyekuja tayari kupigana, alijifunika uso kwa mtandio akalia kwa sauti, na kadhi akaacha watu watulie kabla ya kuendelea.

Nyumba haikuuzwa. Theluthi ya shangazi ilirudishwa kwa mtoto wake, na binamu akasema mbele ya kadhi kwamba anataka kile chumba cha juu ya uchochoro kiwe chake, akija mjini awe na pa kulala, na mengine atazungumza na mke wa mjomba wakiwa nyumbani. Mama alimshika mkono ule wa chumvi wakatoka pamoja.

Alhamisi yake, ofisini, bosi wangu akasema kesi ile ni nzuri, haijapata kutokea mdaiwa akajishinda mwenyewe. Nikaisoma. Kesi za wenzangu nilizisoma zote, ningewezaje kuiruka yangu? Nilisema mjane mmoja wa Mji Mkongwe, nikaendelea na habari nyingine. Nilijua mama anasikiliza juu, na redio ya Ami iko wazi chini. Lakini habari ya Ami sikuisoma, maana haikuwa na jalada mahakamani.

Siku ya pili nilimwendea. Nilichagua saa ambayo wa kahawa wamejaa, nikataka wasikie. Nikasema kwa sauti yangu yote kwamba nilimsingizia, na kwamba alikuwa akimsitiri mama yangu, na kwamba naomba radhi. Wazee wakasema mashallah. Ami alipokea radhi yangu, akaniambia Mungu atusamehe sote.

Watu waliporudi kwenye mazungumzo yao nikamuuliza kwa chini, "Ami, kwa nini hukunambia? Ungeninong'oneza tu."

"Ulikuja na jibu lako, mwanangu," akasema. "Ulitaka saini tu."

Nikautoa ule ufunguo mfukoni. Nilikuwa nimeufuta vumbi. Nikauweka mbele yake, kando ya mzani. Alikuwa anapima misumari ya mteja, akamaliza kuipima, akaifunga, akaitoa. Kisha akausukuma ufunguo kwangu kwa kidole kimoja, bila ya chuki yoyote usoni.

"Urudishe juu," akasema. "Mimi mzee sasa. Nnasahau."

Barua alianza kuzipokea tena wiki ileile. Kikapu kinashuka, kinapanda, na siku za Idi hututilia halwa kama zamani. Mama alimaliza eda yake, akatia udi nyumba nzima. Ufunguo uko kwenye msumari karibu na ngazi. Sijauchukua kuwa wangu. Nikiuchukua nitakuwa nimekubali kwamba hautarudi dukani.

Juzi nilifika adhuhuri, nikabisha, kimya. Mama alikuwa kenda Jambiani kwa binamu, siku hizi hukaa huko siku mbili tatu, na mimi alisahau kuniambia. Nikageuka dukani kwa mazoea. Nikasema, "Ami, shikamoo," na mkono wake, Mungu shahidi yangu, ukaondoka kuelekea nyuma ya mzani. Ukafika nusu. Kisha akaurudisha, akanivutia kiti, akanipanguzia kwa kitambaa chake, akaendelea kupanga bawaba. Nilikaa pale mpaka alasiri, nyumba yetu imefungwa mbele yangu.